Tandiko Lililokataa Kulainika

Paso de las Garzas,
Jumanne, Novemba.

Kwa Bi Zulma Etcheverry,
Mwenyekiti wa Chama cha Wapanda Farasi,
Hapa mjini.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Kuna jambo nimelificha tangu Machi. Sasa Daktari Bentancur ameanza kuniruhusu kula chumvi, ambayo alinikataza miaka yote tangu nistaafu uhakimu, na kwa ruhusa hiyo nimeelewa kwamba sina muda mrefu wa kuendelea kulificha. Siku ya sherehe, mliponikabidhi mbele ya mji mzima tandiko jipya, hatamu, vigwe vya kuongozea na mkanda wa tumbo la farasi, vyote vya ngozi mbichi iliyosukwa kwa mkono, nami nikalia hadharani, gazeti liliandika kwamba mzee Evaristo Olazábal alizidiwa na shukrani. Sikuzidiwa na shukrani. Kidole changu kilikuwa kimebanwa kati ya kikuku cha kukanyagia na ukanda wake, na ukanda ule ulikuwa mgumu kiasi kwamba sikuweza kukichomoa mpaka wimbo wa taifa ulipokwisha.

Zawadi yenu sikuipenda. Nimeona ni heri niseme nikiwa hai, kwa sababu nikisha kufa mtaendelea kunisifu kwa machozi yale.

Desturi naijua, na mwenyewe nimeitetea mikutanoni. Tandiko analopewa mwanachama mkongwe kuliko wote si la kupanda. Ni la siku ya maziko yake, farasi wake atembee nyuma ya jeneza akiwa ametandikwa, bila mtu mgongoni, vikuku vimepishanishwa juu ya tandiko. Hilo nalikubali. Lakini desturi hiyohiyo inadai ngozi iwe laini na kimya, maana ngozi inayolia barabarani ni ya mtu aliyeinunua jana. Mimi sitaki kuzikwa huku tandiko langu likilia kuliko jamaa zangu.

Baada ya utangulizi huo, naomba kuwasilisha malalamiko yangu kwa utaratibu, kama nilivyowazoeza watu wa mji huu kuyaleta mbele yangu.

1. Kuhusu ngozi yenyewe. Miezi imepita, na vigwe bado vinaweza kusimama vyenyewe kwenye kona ya sebule. Daktari Bentancur, ambaye hukataa kuvaa miwani, alipoingia Juni alivisalimu, akaviuliza vililalaje. Binti yangu Nélida ameanza kuanikia soksi kwenye hatamu. Tandiko nimeliweka juu ya mkono wa kochi, hakuna anayelikalia, na hata hivyo linalia. Linalia mvua ikikaribia, linalia mvua ikikatika, na Padri alipokuja kunipa komunyo lilitoa mlio mrefu kiasi kwamba alisimama katikati ya sala akanitazama kwa huruma ambayo sikuistahili. Nilimwambia, "Ni tandiko, Padri." Akajibu, "Usione aibu, mwanangu, ni umri." Padri huyo mimi ndiye niliyeandikisha cheti chake cha kuzaliwa.

2. Kuhusu mtu mliyemteua kunisaidia. Mnafahamu kwamba ngozi ya namna hii hailainiki kwa kutazamwa. Inapakwa mafuta, inapitishwa kwenye kibano cha mti mgumu chenye mwanya, inavutwa huku na huku mpaka nyuzi zake zikubali kushindwa, inaachwa, kisha inaanzwa tena. Mikono yangu haiwezi tena kazi hiyo peke yake, na kamati, kwa wema wake, iliazimia kunitumia msaidizi kila Alhamisi. Nilitarajia mtu mwenye mikono. Mlinitumia mdomo. Mlinitumia Don Ulpiano Techera.

Sina haja ya kuwakumbusha kwamba Don Ulpiano alikuwa mnadi wa ng'ombe mji huu kwa miaka arobaini, na kwamba mimi, nikiwa hakimu, niliamuru kipaza sauti chake kifungwe kwa sababu kilisababisha mashahidi wangu wapandishe bei badala ya kutoa ushahidi. Wala sina haja ya kuwakumbusha jibu lake, yaani kumnadi nguruwe jike mwenye mimba chini ya dirisha la mahakama, akimwita kwa jina la "Mheshimiwa", na kusifu mapaja yake kwa saa nzima. Tangu siku hiyo hatukusemeshana, na nadiriki kusema ilikuwa ndiyo miaka yangu ya amani. Sababu ya kumteua yeye, kwa mujibu wa kumbukumbu za kikao, ni kwamba "anakaa karibu". Hata moto wa kuzimu, Bi Mwenyekiti, uko karibu na mtu fulani.

Anafika kabla sijamaliza kifungua kinywa. Haketi, anajitupa. Anashika kibano, anaingiza kigwe, na kelele zinaanza. "Haya, mabwana, nani ananipa bei ya kigwe hiki? Kigumu kama moyo wa hakimu! Hakikunjiki, hakinyongeki, hakisikii rufaa! Yule bwana kule nyuma kakuna sikio, nahesabu ni bei! Mara ya kwanza, mara ya pili!" Chumbani tupo wawili na mbwa.

3. Kuhusu mafuta. Hapa naiomba kamati isome taratibu, kwa sababu ndipo hatari kwa umma ilipo. Mimi nafuata njia ya marehemu baba yangu: maini mabichi ya ng'ombe kwanza, yasuguliwe mpaka ngozi inywe, kisha mafuta ya farasi jike. Don Ulpiano anafuata shahamu ya figo la ng'ombe na hataki kusikia lingine. Nilipotoa maini Alhamisi ya kwanza alisema, "Mheshimiwa, maini yanaliwa na vitunguu. Leo unampaka farasi maini, kesho utamwekea yai juu na kiazi pembeni?" Nilimweleza kwamba shahamu ya figo huganda wakati wa baridi na kuifanya ngozi inuke kama mshumaa wa maskini. Akasema, "Bora inuke mshumaa. Yako inanuka ugomvi wa mke na mume."

Kwa kuwa hakuna aliyekubali kushindwa, tuligawana. Kigwe cha kushoto ni chake, cha kulia ni changu. Nusu ya hatamu ni yake, nusu yangu, na mpaka tumeuchora kwa chaki. Sasa fikirini matokeo. Kigwe changu, kwa sababu zilizo wazi kwa mtu yeyote asiye mnadi, kinakunjika zaidi kidogo kuliko chake. Farasi wangu ana mdomo mwepesi, hutii mvuto mdogo kabisa wa kigwe. Upande mmoja ukilegea na mwingine ukikaza, atapinda, naye anayemwongoza atapinda naye, na kwa kuwa waombolezaji hufuata bila kufikiri, msafara mzima wa maziko yangu utaanza kuzunguka uwanja wa katikati ya mji. Mzunguko wa kwanza watu watadhani ni heshima. Wa pili watadhani ni siasa. Padri ana goti bovu. Naiuliza kamati: nani atabeba lawama?

4. Kuhusu mbwa. Anaitwa Gitana, ni wa Don Ulpiano, na anakuja naye bila azimio lolote la kamati. Tukipumzika kunywa chai ya yerba na kucheza karata, Don Ulpiano humpepesea jicho na kumkunjia mdomo, kama mtu anayempa ishara mwenzake wa truco, mchezo wa karata wa wawili kwa wawili. Tunacheza wawili. Nilipomuuliza anampa nani ishara, alijibu bila haya, "Mwenzangu yupo chini ya meza, Mheshimiwa. Wewe ndiye hukuleta wako." Tangu hapo nimepoteza michezo mingi, na ninaamini kwa dhati kwamba yule mbwa anaona karata zangu.

Zaidi ya hayo, Gitana ametafuna mkanda wa tumbo kipande cha kutosha kiganja. Alichagua, nasema hili bila kinyongo, sehemu iliyopakwa maini. Don Ulpiano aliutangaza uamuzi huo kwa sauti ya mnada mpaka majirani wakatoka nje. Naomba mbwa huyo aandikishwe kuwa mwanachama, ili kisha aweze kufukuzwa kwa mujibu wa katiba.

5. Kuhusu nyumba yangu. Kama mjuavyo, Nélida anaendesha duka la dawa kwenye chumba cha mbele. Wiki iliyopita alikuja kusimama mlangoni, mikono kiunoni, akasema, "Baba, mtu kaja kununua dawa ya kikohozi, kanusa hewa, akaniagiza kilo mbili za mbavu. Nikamwambia hapa si buchani. Akasema basi nimpe soseji." Don Ulpiano akadakia, "Umempa?" Nélida akamtazama. "Don Ulpiano, umri wako ungekuwa akili, ungetosha watu wawili." Akanigeukia na mimi: "Na wewe usicheke, Baba, utakohoa." Sikuwa nikicheka. Nataka hilo liingie kwenye kumbukumbu.

6. Kuhusu kuingilia faragha. Septemba niliposhikwa na homa ya mapafu, Don Ulpiano alikuja siku ambazo si Alhamisi. Alikuja Ijumaa. Alikuja Jumamosi na Jumapili. Hakuwa na ruhusa ya kamati, hakuwa na ruhusa yangu, na kwa joto nililokuwa nalo nisingeweza kuitoa. Aliketi miguuni pa kitanda, akavuta kile kigwe ndani ya kibano, kriii, kraaa, kriii, kutwa nzima, hata katika ndoto zangu nilikuwa nasafiri kwenye gari la kukokotwa lililokosa grisi. Nilipopata nguvu ya kusema nilimwambia aniache nife kwa utulivu. Akasema, "Hufi wewe. Ngozi bado. Chama hakikubali maiti yenye tandiko linalolia." Nilimweleza kwamba kifo hakisubiri azimio la kamati. Akasema, "Kwako kitasubiri, Mheshimiwa. Watu wote walisubiri kwako. Mimi mwenyewe nilisubiri miaka mitatu kwa kesi ya uzio." Naona kauli hiyo ni dharau kwa mahakama, hata kama mahakama ilikuwa imelala chali ikiwa na kitambaa cha maji kwenye paji la uso.

7. Nimeifuta. Nélida ameisoma na kusema ni kashfa, na kwamba mama yake Don Ulpiano alikuwa mwanamke mwema.

8. Na sasa nafika kwenye barua yenu ya Ijumaa, ambayo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Mnasema kwamba kamati imesikitishwa kuona miezi imepita bila ngozi kulainika. Kwamba Don Ulpiano "amepumzishwa kwa shukrani" kuanzia Alhamisi hii. Na kwamba badala yake atakuja Bi Yanina Dornelles, mhandisi wa kilimo, na chupa ya mafuta ya kiwandani yanayolainisha ngozi yoyote kwa mchana mmoja, kazi ikabidhiwe ikiwa imekwisha.

Nimeisoma barua hiyo mara nyingi. Sina baya la kusema juu ya Bi Dornelles. Baba yake alikuwa mtu wa kulipa faini zake mapema. Lakini nimepeleleza kuhusu chupa hiyo na nimeambiwa ina harufu ya limau. Farasi wangu ana miaka ishirini na mbili na hajawahi kunusa limau. Mnataka aanze siku ya maziko yangu?

Na hilo ni dogo. Kubwa ni neno "amepumzishwa". Bi Mwenyekiti, katika malalamiko saba yaliyotangulia, au sita ukipenda, nimethibitisha pasipo shaka kwamba ugumu wa ngozi hii ni kosa la Don Ulpiano Techera, la shahamu yake, la mdomo wake na la mbwa wake. Mtu huyo kamati inampa nini? Inampa mapumziko! Inamrudisha nyumbani kwake, kwenye kiti chake, Alhamisi nzima, kana kwamba ametenda wema! Miaka yote niliyokaa kwenye kiti cha hakimu sijawahi kumwachilia mshtakiwa kwa kumleta mhandisi.

Mwanzoni nilidhamiria kuomba afukuzwe chamani. Nilipofika lalamiko la tatu niliona afadhali ahamishwe ng'ambo ya mto, akawanadie Wabrazili. Nilipofika la sita niliwaza kifungo. Lakini nimetafakari, kama ilivyo wajibu wangu, na nimeona adhabu zote hizo zingemwondolea mzigo alioubeba kwa kosa lake mwenyewe. Aliyeharibu ndiye atengeneze. Kwa hiyo ninaiomba kamati itoe hukumu ifuatayo, ambayo nimejitwika kuiandika ili kuwapunguzia kazi:

Kwamba Don Ulpiano Techera aendelee kuja kila Alhamisi. Na Jumanne pia, kwa ajili ya mbwa. Na Jumapili baada ya misa, kwa dharau aliyoitoa Septemba. Kwamba asiruhusiwe kwenda Rivera kwa binti yake kabla ya kazi kwisha, hata akiitwa, kwa kuwa alipokwenda Julai alikaa wiki mbili na hakuandika hata mstari. Kwamba amkataze daktari wake kumpunguzia chumvi au kumwongezea, abaki alivyo. Kwamba aje na themosi yake mwenyewe, maana yangu anaimaliza. Na kwamba hukumu hii isiwe na rufaa, jambo litakalomfurahisha, kwa vile amelalamika maisha yake yote kwamba rufaa zangu zilichelewa.

Kuhusu tandiko, hatamu na vigwe, naomba vibaki hapa kama ushahidi.

Nifikishie salamu zangu kwa kamati nzima. Kwa mweka hazina na mkewe, ambaye keki yake ya maziwa ilifika salama na ikaliwa na mtu asiyehusika. Kwa Padri na goti lake. Kwa Bi Dornelles, bila chupa. Kwa mwandishi wa gazeti, ambaye namsamehe. Na kwa farasi wote wa chama, hasa wale wazee wanaosimama nyuma ya gwaride na kusinzia.

Nabaki, kwa muda uliosalia, mwanachama wenu mwaminifu na mwenye manung'uniko,

Evaristo Olazábal,
Hakimu mstaafu.

Nyongeza. Nimeisoma tena barua hii na nimeona kwamba ingeletwa mbele yangu nikiwa kitini, ningemweka mlalamikaji ndani. Basi nitasema na lililobaki, wino ungalipo.

Usimtume Bi Dornelles. Ngozi ililainika Agosti. Ilikuwa Alhamisi, Don Ulpiano alikuwa ametoka kwenda uani, nikakishika kigwe changu, kikalala mkononi kama leso. Nikakishika chake, nacho hali kadhalika. Nikalikandamiza tandiko kwa kiwiko na halikutoa hata pumzi. Niliposikia hatua zake nilivikalia vigwe vyote viwili, nikamwambia leo nimechoka, aende zake. Kesho yake baada ya chakula nilivimwagia maji ya themosi na kuvitandaza dirishani kwenye jua, navyo vikakauka vikawa kama mbao. Nimefanya hivyo kila Jumatano tangu wakati huo, vigwe kwanza, kisha mikanda ya tandiko. Nélida anadhani namwagilia maua.

Jambo moja lilinisumbua. Themosi yangu ni ndogo, na jua la Agosti ni dhaifu, lakini ngozi ilirudi ngumu kuliko nilivyoweza kuifanya mimi. Nilimshuku mbwa. Nilishuku unyevu wa mto. Alhamisi iliyopita nilijilaza baada ya chakula kama kawaida, ila usingizi haukuja. Nikamwona Don Ulpiano anavua viatu. Akapita kwa soksi mpaka jikoni, akarudi na birika, akavilowesha vigwe kimoja kimoja, chake na changu, bila kubagua. Mikono yake inatetemeka siku hizi, kwa hiyo nusu ya maji ilikwenda kwenye suruali. Akavitandaza juu ya ukuta wa ua, upande wenye jua, akasimama anavigeuza kama mtu anayegeuza nyama juu ya makaa. Kisha akavirudisha, akavaa viatu, akaketi, akapiga meza kwa kiganja: "Amka, Mheshimiwa! Bado ngumu kama mlango wa jela! Tunaanza upya."

Nilimwambia ni kosa la shahamu yake. Lakini nilikuwa macho tangu alipovua viatu, Bi Mwenyekiti. Nilikuwa nikikoroma ili asiharakishe.